Kicheko Mbele ya Silinda Nne

Katika kijitabu cha mazishi ya mama yangu, kwenye ukurasa wa watoto wake, mimi ndiye pekee ninayecheka. Ndugu zangu wamesimama kama watu wanaojua picha zao zitatumika wapi, makoti yamefungwa vifungo, macho mbele. Mimi nina miwani ya jua juu ya nywele, mdomo wazi, meno yote nje. Nyuma yangu kuna jengo refu la rangi ya fedha, mfano wa mitungi minne ya gesi iliyofungwa pamoja. Siku picha hiyo ilipopigwa, mama alikuwa ameshapelekwa mochari. Mimi nilikuwa sijui. Aliyenipiga picha alikuwa anajua.

Aliyenipiga picha ni mume wangu, na bado tunaishi nyumba moja.

Mume wangu alisomea uchoraji wa majengo Nairobi. Tulipojuana alikuwa amepanga chumba ambacho ukutani kulikuwa na kitu kimoja tu: ukurasa uliokatwa kwenye gazeti, wenye picha ya makao makuu ya kampuni moja ya Wajerumani ya magari ya kifahari. Jina silitaji, limetajwa vya kutosha nyumbani kwangu. Wanaume wengine walikuwa wanaota gari, yeye anaota ofisi ya wenye gari. Siku ya kwanza nilipomtembelea, kabla sijakaribishwa hata maji, alinieleza kwamba jengo lile limepewa umbo la silinda nne za injini, na kwamba halikusimama kama majengo mengine yanavyosimama. Katikati kuna nguzo ya zege, juu ya nguzo kuna mikono, na silinda zote zimening'inizwa kwenye mikono hiyo. Ghorofa zake zilitengenezwa chini kisha zikavutwa kwenda juu. "Haligusi ardhi," aliniambia, akainua kikombe kwa mshikio wake ili nione kinavyoning'inia. Nilimwona mtu wa ajabu kidogo. Nikampenda hivyo hivyo.

Hapa Birmingham hakuna aliyewahi kumwomba achore hata choo. Yeye anapanga vifurushi kwenye ghala. Mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee kule Sutton Coldfield, napanda treni Longbridge asubuhi na kuvuka mji mzima kwenda kuwaogesha mama za watu. Nyumba yetu imejengwa mahali palipokuwa na kiwanda cha magari, na kampuni hiyo hiyo ya Wajerumani iliwahi kukimiliki kiwanda hicho kabla ya kuachana nacho. Jirani yetu mzee wa Kiingereza alifanya kazi humo ujana wake wote. Akiliona gari letu hugeuza uso. Maana gari tunalo, lililotumika na wengine mpaka likachoka, lakini nembo ni ile ile. Tulipolinunua mchungaji alikuja kuliombea, akapaka usukani mafuta ya zeituni, na kwa wiki nzima mume wangu akawa anaendesha na kitambaa mkononi kwa kuteleza. Hakuthubutu kuyafuta.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga likizo ya kwenda nyumbani Desemba, kumwona mama. Katikati ya mwaka zikabaki siku chache za likizo, tiketi ya nafuu ikapatikana, na mume wangu akaniuliza kwa sauti ya mtoto anayeomba peremende kama tungeweza kwenda Munich. Si kununua kitu. Kuliona jengo tu. Nikasema sawa. Mtu akikaa miaka yote hiyo bila kukuomba chochote, ukimkatalia utamwambia nini?

Jumapili kabla ya safari nilimpigia mama, kama nilivyofanya kila Jumapili.

"Mnaenda Ujerumani kufanya nini?" akauliza.

"Kuangalia nyumba, mum."

"Nyumba ya nani?"

"Ya kampuni ya magari. Baba mtoto anaipenda."

Akanyamaza kidogo. Mama yangu alikuwa mtu wa kunyamaza kwanza. Kisha akasema, "Sasa mtoke huko mkasimame nje ya nyumba ya watu, mwangalie, na mrudi? Hata chai hawatawapa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia, ukiondoa salamu za kuagana.

Binti yetu tulimwacha kwa rafiki yangu, mwenzangu wa kazi, ambaye ni Mkenya kama mimi na anakaa Northfield, karibu na sisi. Tukaondoka. Siku ya kwanza ilikuwa ya kufika na kuchoka. Asubuhi iliyofuata mume wangu aliamka akashuka chini hotelini kutafuta chai, akakawia. Aliporudi uso ulikuwa umelowa maji, akasema chai yao haina maana, twende tu. Sikuuliza. Nilidhani ni furaha imemzidi.

Tulitokea kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi, na jengo likawa hapo mbele. Nilitegemea akimbie. Nilitegemea apige magoti, nilishajiandaa kumcheka. Badala yake alisimama ameligeuzia mgongo, ananiangalia mimi.

"Mzee, umetoka Nairobi mpaka Birmingham, Birmingham mpaka hapa," nikamwambia, "halafu unaligeuzia mgongo?"

"Nataka nikuone wewe kwanza," akasema.

Nikaona ni mapenzi. Miaka mingi ya ndoa, na mtu akikuambia hivyo mchana kweupe mbele ya Wajerumani, unavimba kichwa. Nikaanza kutembea kwa madaha.

Akasema, "Nipe simu yako, camera yako ni poa kuliko yangu." Nikampa. "Na nazima data, gharama za roaming huku zitatumaliza." Nikasema vizuri, zima. Nikawa mtu mzima asiye na simu, nikiburudika kama mtoto. Nikalizunguka jengo lile mara kadhaa, nikilitazama kwa niaba yake kwa kuwa yeye alionekana hana haraka. Nikaenda chini yake kabisa kuhakikisha kama kweli halifiki ardhini. Kando yake kuna jumba la makumbusho lenye umbo la bakuli, tukaingia, na humo kila nilichokiangalia alikinunua. Skafu. Kikombe. Mwavuli wenye nembo, mimi ambaye nina miavuli mitatu. Mume wangu si mchoyo, lakini si mtu wa kununua mwavuli.

Tulipotoka nikamwambia nataka kumpigia mama kwa video, nimwonyeshe nyumba ya watu na nimwambie kweli hakuna chai.

"Tutampigia tukifika nyumbani," akasema. "Simama hapo kwanza. Hapo hapo."

Nikasimama. Nikarudia yale maneno ya mama, kwa sauti yake, na ule mnyamazo wake wa kabla ya kusema: "Hata chai hawatawapa?" Nikaangua kicheko mwenyewe. Akapiga. Nikataka kuondoka, akainua mkono.

"Cheka tena kidogo," akasema. "Moja tu."

Nikacheka tena kidogo.

Sisi Wakenya wa hapa tuna desturi yetu. Mtu akifiwa nyumbani, hapigiwi simu yeye. Jamaa hupiga simu kanisani, au kwa mume, au kwa rafiki, na yule anayehusika huachwa aendelee na kazi zake mpaka akina mama wa kikundi cha kanisa wakutane, wajipange, waende kwake pamoja. Huimba kwanza. Mmoja hukaa kulia, mwingine kushoto, tayari kukushika. Ndipo mwenyekiti wao anasema. Maelezo yake ni kwamba mtu asipokee msiba peke yake katika nchi ya wageni, kwenye korido ya hospitali au kituo cha basi. Nami nilikuwa nikiona ni jambo la utu. Nimewahi kukaa kulia kwa watu.

Kwa hiyo tulipofika Longbridge na kukuta viatu vya akina mama vimejaa mlangoni kwangu, hakuna mtu aliyehitaji kuniambia kitu. Mwavuli wa Munich ulikuwa bado mkononi. Nikauliza, "Ni nani?" Wakaanza kuimba. Nikauliza tena, wakapandisha sauti. Rafiki yangu alitoka jikoni kwangu na aproni yangu, akanishika mkono akanikalisha kwenye kochi langu mwenyewe. Mwenyekiti akaanza kuomba, na aliomba tangu kuumbwa kwa ulimwengu, akapitia kwa Ibrahimu, akapitia kwa Ayubu, na wakati wote huo mimi nilikuwa nimekaa katikati ya mabega mawili nikichagua nani nimpoteze. Nilimchagua mjomba. Mungu anisamehe, nilimchagua mjomba, kwa kuwa ni mzee na ana kisukari.

Aliposema ni mama, sikupiga kelele. Nilimtafuta mume wangu kwa macho nimpe pole. Nilidhani na yeye ndiyo kwanza anasikia.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni anaangalia sakafu, na binti yetu kando yake. Mtoto akasema, kwa Kiingereza chake cha hapa, "Mum, they told me not to say." Hapo ndipo nilipojua kwamba katika nyumba ile, kuanzia mwenyekiti mpaka mtoto wa shule, mtu wa mwisho kujua kwamba mama yangu amekufa nilikuwa mimi.

Akina mama walipoondoka nilimfuata mume wangu jikoni.

"Ulijua lini?"

"Ile asubuhi. Nilipoenda chai. Kaka yako alinipigia."

"Ukanipeleka nikapige picha."

"Mwenyekiti alisema nisikuambie huko. Kaka yako pia. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya kesho yake, hakukuwa na ya mapema. Ungelia na nani huko?"

"Ningelia na wewe."

Akafungua bomba, akaanza kuosha vikombe ambavyo rafiki yangu alikuwa ameshaviosha.

Nilikasirika kwa namna ambayo sikujua ninayo. Niliukasirikia mwavuli. Niliikasirikia skafu, nikaitumia kufutia oveni. Nilimpigia kaka yangu nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Tulikuwa tunakulinda, dada." Kulinda! Walikuwa wamefungua kundi jipya la familia kwenye simu, la mipango ya mazishi, bila mimi, na lile la zamani wakawa wanaliwekea salamu za asubuhi na maua ili nisishtuke. Watu waliofiwa na mama yao walikuwa wanatafuta maua ya kuniwekea mimi.

Siku chache kabla sijasafiri kwenda kuzika, kanisa liliandaa ibada ya kumkumbuka mama katika ukumbi tunaopanga Handsworth. Kaka yangu alituma kijitabu kwa simu kama kilivyokwisha kuchapwa Nairobi, ili nasi tuchape nakala zetu. Sikukifungua, sikuwa na moyo huo. Nikampelekea mchapaji mmoja wa Soho Road, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye huongea Kiswahili na wateja wake Wakenya kwa raha zake. Nilikwenda kuchukua kazi mchana, nikamkuta amefungua ukurasa wa katikati kwenye kompyuta yake.

"Pole sana, mama," akasema. "Mama yako alikuwa mtu ya heshima. Naona kwa uso."

Picha ya mama ilikuwa kwenye jalada, amefunga mdomo. Mama hakuwahi kuionyesha kamera meno yake. Alisema picha ni ya kubaki, na mtu anayecheka kwenye picha watu watakuja kumwangalia siku ambayo hakuna la kuchekesha. Sisi watoto tulikuwa tukimtania kwa hilo. Harusini kwangu amekaa kama anayesubiri hukumu.

"Na hii ni wewe?" mzee akaendelea, akageuza skrini. "Mzuri sana! Hii jengo mimi najua. Kijana yangu alienda kuchukua gari yake huko huko. Furaha sana siku ile, eh?"

Nikajiona. Nilishika meza yake.

"Mzee," nikasema, "unaweza kunifunga mdomo?"

"Nini?"

"Hapo kwenye picha. Unaweza kuufunga huo mdomo?"

Akasogea karibu na skrini, akafikiri kwa dhati kama fundi. "Mama, mimi naweza kutoa watu nyuma. Naweza kutoa jua. Hata hii jengo yote naweza kutoa, naweka maua. Lakini mdomo kufunga, hapana, itakuwa si wewe."

"Basi toa picha yote."

"Nikitoa itabaki shimo. Watu watauliza, huyu mtoto mwingine wapi?"

Kule nyumbani nakala zilikuwa zimeshachapwa nyingi, za kutosha kata nzima. Nikamwambia aache. Kwa wema wake aliniuliza kama nataka ile picha aichape kubwa, ya ukutani, bila malipo. Nikatoka na boksi langu nikasimama kituo cha basi, na mabasi yakanipita.

Jioni hiyo mume wangu alikiri picha imefikaje kwa kaka yangu. "Walikuwa wanauliza kila saa kama uko sawa," akasema. "Nikawatumia hiyo, waone uko sawa." Na kaka yangu, alipotakiwa kutafuta picha ya dada aliye ng'ambo, alichukua iliyokuwa karibu. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Ingekuwepo nia mbaya ningejua pa kupeleka hasira zangu.

Nyumbani, makaburini, jua lilikuwa kali na watu walijipepea kwa vile vijitabu. Kila nilipogeuka nilijiona nikicheka, ninakwenda kulia, ninakwenda kushoto, mbele ya uso wa mtu. Shangazi yangu alinikumbatia, akaniangalia vizuri, akasema, "Ndiye wewe wa kwenye picha. Ulikuwa umependeza." Hakuwa na maana mbaya. Alisema tena, polepole zaidi, "Ulikuwa na raha zako."

Nilirudi Birmingham nikajitoa kwenye kikundi cha akina mama. Sikusema sababu, nikasema zamu zimenibana. Mume wangu nilikuwa nikimjibu anapouliza, nikimpakulia chakula, na hatukuwahi kulizungumzia tena lile jengo. Hata yeye. Ule ukurasa wa gazeti, aliotoka nao Nairobi na kuubandika juu ya meza yetu ya kulia, siku moja niliona haupo. Sikuuliza aliupeleka wapi.

Ikapita miezi. Ikawa siku moja mchana, zamu inakaribia kwisha pale Sutton Coldfield, simu yangu ikaita. Mwenyekiti.

"Uko na mwenzako?" akauliza, akimaanisha yule rafiki yangu. Nilimwona kwa mbali akimvalisha bibi mmoja sweta. "Baba yake ametuacha asubuhi hii. Sisi tuko njiani kwenda kwake Northfield. Wewe mlete tu polepole, mpigishe stori, asishike simu. Najua umekasirika na sisi, lakini hili ni la mwenzako."

Nikasema sawa.

Tukapanda treni pamoja kama siku zote. Rafiki yangu alikuwa amechangamka. Alikuwa akinieleza kwamba binti yake amekataa kula ugali, anasema unanata mdomoni, na kwamba leo atapika matoke amshangaze. Aliingiza mkono mkobani kutafuta simu amtumie binti ujumbe, nikamshika mkono nikamwuliza matoke anatia nyama au karanga. Akanieleza. Akacheka kwa kitu alichokumbuka. Nikautazama ule mdomo wazi, nikajiona mimi, na mkono wangu umeshika simu ya mtu kama mume wangu alivyoshika yangu.

Treni ilipoondoka New Street, katikati ya mji, nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema, "Dada, nimepigiwa simu. Baba amefariki leo asubuhi. Akina mama wako nyumbani kwako wanakungoja wakuambie, nami nimeona si haki usijue."

Niliamini ninampa kile ambacho mimi nilinyimwa.

Watu wawili waliokaa mbele yetu walikuwa wanakula chipsi. Kisha akautoa mkono wake kwenye wangu.

"Nani alikutuma uniambie hapa?"

"Hakuna. Nimeona..."

"Nilikuwa nawaza matoke," akasema. "Nilikuwa nawaza matoke tu. Ungeniacha nifike kwangu. Ungeniachia hata huo muda, ulikuwa wa nini kwako?"

Akalia kwa sauti kubwa, na behewa zima likageuka kutuangalia, na hapakuwa na bega la kulia wala la kushoto ila langu, ambalo hakulitaka. Mtu mmoja alisimama akampa kiti ambacho hakukihitaji. Mwingine akanipa mimi karatasi za kufutia machozi nimpe yeye. Kutoka pale mpaka Northfield ni vituo vichache, lakini nakuambia ule ulikuwa mwendo. Mwenyekiti alipotuona mlangoni alielewa papo hapo. Aliniambia taratibu, bila hasira, "Umetuharibia." Wakamchukua, wakaanza kuimba, mlango ukafungwa mimi nikiwa nje na viatu vyao.

Siku hizi rafiki yangu na mimi tunapanda treni ile ile, yeye anapanda behewa la mbele.

Siku ile nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa nje anaosha gari. Jirani Mwingereza alikuwa akimwagilia maua, amegeukia kwake. Nikasimama kando ya ndoo na mkoba wangu begani. Nilitaka kumwambia yaliyotokea kwenye treni, lakini kilichotoka ni kingine.

"Lile jengo," nikasema, "lilikuwaje?"

"Jengo gani?"

"Unalijua."

Akaendelea kusugua taa ya mbele, mahali pamoja. "Sijui," akasema mwishowe. "Sikuliona."

"Tulikaa pale mchana kutwa."

"Nilikuwa nakuangalia wewe. Nilikuwa najiambia, kesho hatacheka, keshokutwa hatacheka, acha acheke tena kidogo. Nilikuwa nahesabu muda wa ndege kichwani. Jengo lilikuwepo, sawa, lakini sikuliona." Akakamua kitambaa. "Na siwezi kurudi tena pale. Nitarudi kufanya nini?"

Tangu ujana wake alikuwa akilingoja. Nikataka kumwambia pole, na neno likakataa. Sijamsamehe. Nimejaribu, nimeombewa, mchungaji ameniwekea mikono, na bado nikimwona anashika simu yangu mwili unanisisimka. Sijui kama nitamsamehe. Ila mimi, ambaye jengo lile sikuwahi kulitaka, nililizunguka lote siku ile, na nililiona vizuri.

Nikaweka mkoba chini.

"Madirisha yamelizunguka kila ghorofa," nikamwambia, "na kuta zake si bapa hata mahali pamoja. Ukienda karibu utajiona kwenye vioo kama uko mbali, umepinda. Ule mnara wa katikati unatokeza juu, na ile mikono ipo, ulisema kweli."

Aliacha kusugua. Hakuniangalia, lakini aliacha kusugua.

"Na chini?" akauliza.

"Chini nilienda mwenyewe nikainama," nikasema. "Haligusi."